Kuhesabu Ndege wa Majini Ziwa Nakuru kwa Mkataba wa Miezi Mitatu: Jibu kwa Msomaji

Msomaji mmoja wa Nakuru, mwenye stashahada ya usimamizi wa wanyamapori, ameuliza hivi: "Nimeona tangazo la kazi ya miezi mitatu, kuanzia Desemba, ya msaidizi wa kuhesabu ndege wa majini katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Ndege wa kawaida nawafahamu, lakini sijawahi kuhesabu kwa utaratibu wa kitaalamu. Mtu huwahesabuje maelfu ya ndege wasiotulia? Na je, kazi ya msimu kama hii itanifikisha popote, au ni kibarua kama vibarua vingine?"

Dada, nitaanza na swali la kuhesabu, kwa kuwa ndilo linalowatisha wengi na ndilo linaloonyesha kwa nini kazi hii ipo.

Anayekuajiri hakuhitaji umwambie kwamba Nakuru kuna mwari (pelikani) na heroe, ambao wengi hapa huwaita flamingo. Hilo analijua hata utingo wa matatu ya Lanet. Anachotaka ni idadi ya Januari hii inayoweza kuwekwa kando ya idadi ya Januari zilizopita, tangu mwaka 1991 hesabu za kila mwaka zilipoanza katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa, bila mtu kujiuliza kama tofauti iliyopo imeletwa na ndege au imeletwa na aliyehesabu. Kazi yako yote, kuanzia kupanga darubini alfajiri hadi kuandika fomu jioni, inapimwa kwa kigezo hicho kimoja. Anayejua majina ya ndege mia tatu lakini leo anahesabu hivi na kesho vile anamfaa mtafiti kidogo kuliko anayejua ndege sitini na asiyebadilisha utaratibu.

Idadi hizo zina uzito kuliko unavyodhani. Ziwa Nakuru lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960, mbuga ya kitaifa ikatangazwa mwaka 1968, na mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Chini ya mkataba huo, ziwa huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa ikiwa mara kwa mara lina ndege wa majini 20,000 au zaidi, au likiwa na asilimia moja ya ndege wote wa jamii (spishi) fulani. Hakuna njia ya kujua kama ziwa limetimiza masharti hayo, au limeacha kuyatimiza, isipokuwa watu wasimame ukingoni wahesabu. Mwaka 2011 maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia, na ndege walikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Sasa namna ya kuhesabu. Kundi la ndege wasiozidi mia mbili hivi lihesabu mmoja mmoja, ukibonyeza mashine ndogo ya kuhesabia kwa kidole gumba huku jicho likibaki kwenye darubini. Kundi kubwa zaidi huhesabiwa kwa mafungu. Unachagua sehemu moja ya kundi, unahesabu ndege kumi mmoja mmoja, unatazama kumi hao wamechukua nafasi kiasi gani ndani ya darubini, kisha unaongeza hadi mia. Ukishalishika fungu la mia machoni, unalitembeza juu ya kundi zima kutoka ncha moja hadi nyingine ukibonyeza mara moja kwa kila mia. Kwa makundi ya makumi ya maelfu, fungu huwa la mia tano au la elfu.

Ugumu uko katika kuchagua pa kuanzia. Ndege hawajipangi sawasawa. Katikati ya kundi wamebanana hadi mbawa zinagusana, na pembeni wametawanyika. Ukipima fungu lako la kwanza pembeni, ambako ndiko jicho hupenda kuanzia kwa kuwa ni rahisi, fungu la mia litachukua nafasi kubwa, na ukilipeleka katikati utakuwa unaandika mia mahali penye mia mbili. Kwa hiyo pima fungu mara mbili, pembeni na katikati, na ubadilishe ukubwa wake kadiri msongamano unavyobadilika. Tatizo jingine ni pembe ya kutazamia. Ukiwa umesimama chini, usawa wa maji, safu ya mbele huficha safu za nyuma, na kundi la elfu nne linaonekana kama la elfu moja na nusu. Tafuta mahali palipoinuka, hata kama ni juu ya gari, mradi umeruhusiwa. Kule Baboon Cliff, upande wa magharibi, kundi lote huonekana kwa juu, ila umbali ni mkubwa na hutaweza kutofautisha jamii zinazofanana, hivyo pale panafaa kwa kukadiria ukubwa wa kundi na ukingoni panafaa kwa kutambua ni ndege gani.

Karibu kila anayeanza hukadiria kundi kubwa kuwa dogo kuliko lilivyo, na kadiri kundi linavyokua ndivyo pengo linavyopanuka. Dawa yake ni mazoezi ya picha, ambayo unaweza kuyaanza leo ukiwa nyumbani. Chukua picha ya kundi la ndege, itazame kwa sekunde ishirini, andika makadirio yako, kisha uikuze na kuweka nukta juu ya kila ndege hadi uwamalize. Utashangaa, na pengine utaona haya kidogo, lakini baada ya wiki chache kosa lako litaanza kuwa la kiwango kimoja, na kosa la kiwango kimoja mtafiti anaweza kulirekebisha. Kosa linaloyumba halirekebishiki.

Kwa heroe kuna kazi ya ziada. Jamii ni mbili na zote hupatikana Nakuru. Heroe mdogo ni mfupi, wa waridi iliyokolea, na mdomo wake ni mwekundu wa kiza unaoonekana mweusi kwa mbali. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi, rangi yake imepauka, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi tu. Tazama pia namna wanavyokula: mdogo huchuja mwani wa kijani-buluu karibu na uso wa maji, na mkubwa huinamisha kichwa chini zaidi akitafuta vijidudu kwenye tope. Makinda ya jamii zote mbili ni ya kijivu, na kwa mbali hayatofautishiki. Hapo andika "heroe asiyetambuliwa". Usigawe kwa kubahatisha ili fomu ionekane nadhifu.

Mwari wanataka ratiba. Wengi wao huzaliana kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita na huja Nakuru kutafuta samaki. Ndege mzito namna ile hapendi kupiga mbawa safari nzima. Husubiri jua lipashe ardhi joto, kisha hupanda kwa hewa inayoinuka akizunguka bila kuchoka. Kwa hiyo mwari unaowaona majini saa moja asubuhi wanaweza kuwa angani saa nne, na saa tano wakawa wamehesabiwa na wenzako wa Elementaita. Ndiyo sababu maziwa haya huhesabiwa katika siku zinazokaribiana, na ufuo wa kila ziwa hugawanywa katika sehemu, kila sehemu na timu yake, timu zote zikianza kwa wakati mmoja. Kundi likiruka kutoka sehemu yako kwenda ya jirani, andika saa, idadi na lilikoelekea. Jioni, mkikaa kulinganisha fomu, mstari huo mmoja ndio utakaozuia ndege elfu mbili kuhesabiwa mara mbili.

Anza mapema. Nakuru iko juu, takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri ya Januari ina baridi ya kuganda vidole, lakini ukisubiri upate joto mvuke wa ardhi utaanza kutetemesha picha ndani ya darubini na miguu ya ndege, ambayo mara nyingi ndiyo inayotambulisha jamii, haitaonekana. Jua likae mgongoni mwako. Asubuhi hiyo ina maana ya kusimama upande wa mashariki wa maji na kutazama magharibi. Alasiri upepo huinua mawimbi, na ndege wadogo kama kibisi hupotea katikati yake.

Kuhusu ndege wadogo wa matopeni, wale wa kahawia wanaokimbia ukingoni, nakushauri usivunjike moyo. Wengi ni wageni kutoka kaskazini mwa Ulaya na Asia, nao huwa hapa kati ya Septemba na Aprili hivi, ndiyo maana hesabu kubwa hufanywa Januari. Calidris minuta (Little Stint kwa Kiingereza), kwa mfano, ana uzito wa gramu thelathini au pungufu, na makundi yake huchanganyika na jamii nyingine tatu nne. Jifunze kwanza zile zinazoonekana kila siku, jamii sita au saba, hadi uzitambue kwa mwendo na sauti kabla ya kuona rangi. Fomu hujazwa kwa majina ya Kiingereza na ya kisayansi, hivyo ukikariri majina yetu peke yake, yangeyange, kwarara, mnandi, domomwiko, utakwama mezani.

Nije kwenye fomu yenyewe, maana hapo ndipo kazi nzuri ya ziwani huharibikia. Saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali kwa vipimo vya jipiesi (GPS), hali ya mawingu na upepo, kina cha maji, na kiasi cha eneo ulilofikia ni lazima viandikwe kabla ya ndege wa kwanza. Kama ulipangiwa kilomita nne na ukafikia mbili na nusu kwa sababu barabara imefunikwa na maji, iandike mbili na nusu. Tofautisha pia sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake nilitafuta sikuona. Nafasi tupu maana yake sikutafuta. Mtu atakayesoma fomu hiyo miaka ishirini baadaye hana njia nyingine ya kujua. Tumia penseli, maana wino hukimbia ukilowa, piga picha kila ukurasa kabla ya kulala, na usisahihishe idadi nyumbani kwa sababu tu imekuonekania ndogo.

Nasisitiza sifuri kwa sababu ya yaliyolipata ziwa hili. Katikati ya miaka ya 1990 maji yalipungua mno, na katika miaka hiyohiyo heroe walikufa kwa wingi hapa na Bogoria. Kisha, kuanzia karibu mwaka 2010, maji yakapanda yasishuke: ziwa lililokuwa na takriban kilomita mraba 40 likapita 60, likameza lango kuu la zamani, barabara za ufuoni na misitu ya migunga. Maji mengi yalipunguza chumvi na magadi, mwani ambao heroe mdogo anautegemea ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Miti iliyokufia majini ikawa viti vya mnandi, na ndege wapendao maji yasiyo na chumvi wakaongezeka. Mtalii anayekuja kutafuta ufuo wa waridi huondoka amenung'unika. Kwa mhesabuji, ufuo usio na heroe ni taarifa kamili, na safu za sifuri zilizoandikwa na watu waliovumilia kwenda huko bila kuona kitu ndizo zilizotuwezesha kuona badiliko hilo likitokea. Mimi binafsi huamini fomu yenye sifuri nyingi kuliko ile ambayo kila mstari umejazwa.

Mabadiliko hayo yameathiri pia namna ya kufanya kazi. Baadhi ya sehemu za zamani za kuhesabia sasa ziko chini ya maji na hufikiwa kwa mashua tu, na viboko wapo. Nchi kavu kuna nyati, faru na simba, kwa hiyo kushuka kwenye gari hufanyika mahali palipokubaliwa na mkiwa na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mwenye silaha. Yeye akisema tuondoke, ondoka, hata kama umebakisha mafungu matatu. Andika kwamba hesabu ilikatizwa na saa ilipokatizwa. Ndege mfu usimguse kwa mikono mitupu. Andika jamii na mahali, piga picha, mjulishe kiongozi wa timu siku hiyohiyo, kwa sababu ya homa ya ndege na kwa sababu vifo vya wingi huanza na vichache.

Swali lako la pili lina majibu mawili. Kipato cha kazi hii hakitoshi kutegemewa mwaka mzima, na anayekuambia vinginevyo anakudanganya. Hesabu kubwa ni ya Januari, nyingine hufanyika Julai, na kati yake kazi ni za miradi: wiki tatu hapa, mwezi pale. Wanaodumu katika fani hii huunganisha misimu, wakiongoza wageni, wakisaidia watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton au Maseno, au wakienda magharibi ambako kazi ni ya namna nyingine kabisa. Kule Dunga, kusini kidogo mwa Kisumu, na katika Kinamasi cha Yala, ndege wanaotafutwa wanaishi ndani ya mafunjo na mara nyingi hawaonekani. Unasimama kwenye mtumbwi mahali palipowekwa alama, kwa dakika zilizopangwa, ukiandika kila sauti na umbali wake. Laniarius mufumbiri, ndege wa mafunjo aliye mweusi mgongoni, mwekundu tumboni, mwenye utosi wa manjano, huimba kwa kupokezana dume na jike, na asiyejua hilo huandika ndege mmoja mahali walipo wawili, au wawili ambapo ni mmoja aliyesogea. Masikio yaliyofundishwa huko yana bei nzuri, kwa kuwa wenye nayo ni wachache. Utahitaji chandarua na tahadhari ya malaria, na usitie miguu majini ovyo, kichocho kipo.

Jibu la pili ni kwamba kibarua hiki huacha kumbukumbu yenye jina lako, na vibarua vingi haviachi. Ili uanze kuijenga kabla ya Desemba, jiunge na mradi wa Kenya Bird Map, ambao ramani yake imegawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kila upande. Orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutafuta ndege kwa makini ndani ya mraba mmoja, nawe unaweza kuiandaa katika mraba wa kwenu bila kulipa kiingilio cha mbuga. Orodha kumi na mbili zilizofanywa vizuri, kila moja na saa na mahali, humshawishi mwajiri kuliko cheti cha semina. Wasiliana pia na Nature Kenya na idara ya ndege ya Makavazi ya Kitaifa, ambao pamoja na KWS ndio wamekuwa wakiziendesha hesabu za Januari kwa kutegemea sana watu wa kujitolea. Ukijitolea Januari moja utafahamika, na tangazo la Januari ifuatayo hutalisoma gazetini, utapigiwa simu.

Mradi wa mtu mwingine unapokuajiri, leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi na teknolojia, ni jukumu la kiongozi wa mradi, lakini una haki ya kuiona, na langoni huenda ukaulizwa. Takwimu ni mali ya mradi. Ukitaka kuzitumia katika masomo yako ya baadaye, omba ruhusa kwa maandishi mapema.

Mwisho ni mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na huo wako unafikia hapo. Kabla ya kutia sahihi uliza malipo ni ya siku au ya mwezi, siku ya mvua au ya mashua mbovu inalipwa au hailipwi, nani anagharamia usafiri wa saa kumi na moja alfajiri wakati matatu ni haba, darubini ikivunjika kazini ni hasara ya nani, na kama umewekewa bima ya kuumia kazini, ambayo mwajiri anapaswa kuwa nayo chini ya sheria ya mwaka huohuo ya mafao ya majeraha. Tangazo likikutaka uje na darubini yako mwenyewe, usikope pesa kununua ya gharama kubwa. Ya ukuzaji wa mara nane yenye kioo cha mbele cha milimita 42 inatosha kwa mkono, na ile kubwa ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu ni juu ya mradi kuitoa. Katika barua ya maombi, taja jamii unazozitambua bila shaka na zile ambazo bado zinakuchanganya, ukizitenga wazi, na uambatanishe ukurasa mmoja wa mazoezi yako ya picha ukionyesha makadirio upande mmoja na hesabu halisi upande wa pili.